Mgombea Asiyeuliza: Adhabu za Kuficha Chanzo cha Michango ya Uchaguzi wa Halmashauri

Mheshimiwa Mwenyekiti, mawakili wenzangu, walimu na wanafunzi wa sheria, na ninyi mnaojiandaa kugombea udiwani au kuwatunzia wagombea vitabu vyao vya fedha, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie adhabu ambazo sheria inaziweka kwa mgombea wa halmashauri anayeficha chanzo cha michango ya kampeni yake. Nilipoanza kuandaa maneno haya nilikusudia kuwaletea orodha ya nchi, makosa, faini na miaka ya vifungo. Nimeiacha orodha hiyo nyumbani. Kadiri nilivyozidi kuzisoma kesi zenyewe ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ukubwa wa adhabu si jambo la kwanza la kutazama. Sheria inaweza kutaja kifungo cha miaka mingi na bado isimguse mtu hata mmoja, kwa sababu ya maneno mawili yaliyowekwa mwanzoni mwa kifungu: "kwa kujua". Maneno hayo mawili ndiyo mada yangu ya leo, na ili niyaeleze vizuri naomba tusafiri pamoja hadi Auckland, New Zealand, ambako yalijaribiwa mahakamani kuliko mahali pengine ninapopajua.

Mwaka 2010 halmashauri nane za eneo la Auckland ziliunganishwa kuwa moja, na wapiga kura wakatakiwa kumchagua meya wa jiji lote jipya. Mmoja wa wagombea wakubwa alikuwa John Banks, mwanasiasa mzoefu aliyewahi kuwa waziri na aliyekuwa meya wa jiji la zamani la Auckland katika vipindi viwili tofauti. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2010, na Banks akashindwa na Len Brown. Kama sheria ilivyomtaka, aliwasilisha kwa msimamizi wa uchaguzi taarifa ya gharama na michango ya kampeni yake, akaitia sahihi, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja hakuna aliyeitazama tena.

Ndani ya taarifa ile mlikuwa na michango mikubwa iliyoandikwa kuwa imetoka kwa watu wasiojulikana. Sheria ya Uchaguzi wa Mitaa ya New Zealand ya mwaka 2001 iliruhusu jambo hilo. Mchango uliozidi dola 1,000 ulipaswa kuandikwa pamoja na jina la mtoaji, isipokuwa kama ulitolewa kwa namna ambayo mgombea mwenyewe hakumjua mtoaji. Naomba mzingatie jinsi tafsiri hiyo ilivyojengwa. Haikuuliza kama mtoaji anajulikana na mtunza hazina, au na meneja wa kampeni, au na benki. Iliuliza kuhusu kichwa cha mtu mmoja tu, yaani mgombea.

Januari 2012 polisi walivamia jumba la Kim Dotcom, tajiri wa biashara za intaneti, huko Coatesville, nje kidogo ya Auckland, kwa ombi la Marekani, katika shauri la haki miliki ambalo halituhusu hapa. Miezi michache baadaye, mwezi Aprili, ndipo habari zikatoka hadharani kwamba mwaka 2010 Dotcom alikuwa ameichangia kampeni ya Banks dola 50,000 kwa hundi mbili za dola 25,000 kila moja. Dotcom alidai kwamba kuugawa mchango mara mbili lilikuwa wazo la Banks mwenyewe, ili usimame bila jina. Banks alikana. Ikajulikana pia kwamba kampuni ya kasino ya SkyCity ilitoa dola 15,000, nazo zikaandikwa vilevile bila jina.

Kifungu cha 134 cha sheria ile kilikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya juu ilimhusu mgombea aliyewasilisha taarifa huku akijua kuwa ina uongo katika jambo la msingi. Huyo angeweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000. Ngazi ya chini ilimhusu mgombea ambaye taarifa yake ilikuwa na uongo hata kama haikuthibitishwa kwamba alijua. Huyo angetozwa faini isiyozidi dola 5,000, isipokuwa kama yeye mwenyewe angethibitisha kwamba hakuwa na nia ya kuficha na kwamba alichukua hatua zote za busara kuhakikisha taarifa ni sahihi. Kwa maoni yangu ngazi ya chini ndiyo iliyokuwa na akili zaidi. Faini yake ni ndogo, lakini swali lake ni zuri, kwa kuwa halimtaki mwendesha mashtaka aingie ndani ya moyo wa mtu. Linamtaka mgombea aeleze alifanya nini ili ajue.

Sasa, wenzangu, sikilizeni kilichotokea kwa kifungu hicho kizuri. Mashtaka ya ngazi ya chini yalipaswa kufunguliwa ndani ya miezi sita. Taarifa iliwasilishwa mwishoni mwa 2010, na wananchi walipata habari Aprili 2012. Kwa hiyo siku ambayo mtu wa kwanza alipata sababu ya kuuliza, muda wa kuuliza ulikuwa umekwisha zamani. Polisi walichunguza, na Julai 2012 wakatangaza kwamba hawatafungua mashtaka, kwa kuwa ngazi ya chini ilikuwa imezuiwa na muda na ushahidi wa ngazi ya juu haukutosha.

Shauri lingeishia pale. Aliyelifufua ni raia mmoja, mhasibu mstaafu wa Wellington, aliyefungua mashtaka binafsi kwa kutumia haki ambayo sheria za asili ya Kiingereza huwapa wananchi. Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili hunigusa kila ninapolikumbuka: chombo cha dola chenye wapelelezi na magari kilikuwa kimekunja jalada, na mzee mmoja asiyekuwa hata wakili akaliendeleza kwa makaratasi yake. Oktoba 2013 hakimu alipoona kwamba kuna kesi ya kujibu, Wakili Mkuu wa Serikali akaichukua kesi ile mikononi mwake. Banks, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Epsom, kiongozi wa chama cha ACT cha New Zealand na waziri katika serikali ya Waziri Mkuu John Key, alijiuzulu uwaziri.

Kesi ilisikilizwa Mei 2014 katika Mahakama Kuu ya Auckland mbele ya Jaji Edwin Wylie. Utetezi ulisimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba Banks hakuisoma taarifa ile. Iliandaliwa na mtu wa kujitolea aliyekuwa akishughulikia fedha za kampeni, na Banks aliitia sahihi kwa kumwamini. Jaji hakuukubali utetezi huo. Tarehe 5 Juni 2014 alimwona Banks na hatia kuhusiana na michango ya Dotcom. Banks akajiuzulu ubunge, na tarehe 1 Agosti 2014 akahukumiwa miezi miwili ya kizuizi cha nyumbani cha saa maalumu pamoja na saa 100 za kazi za jamii.

Haki inanidai niwaambie mwisho wa habari, kwa kuwa kuna watu husimulia kesi hii na kuikatia katikati. Novemba 2014 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo kutokana na ushahidi mpya wa wafanyabiashara wawili Wamarekani, waliosema kwamba walikuwepo kwenye chakula cha mchana nyumbani kwa Dotcom na kwamba habari ya michango haikuzungumzwa pale mezani kama ilivyodaiwa. Mahakama iliamuru kesi isikilizwe upya. Kisha Mei 2015 mahakama hiyohiyo, baada ya kubaini kwamba upande wa mashtaka ulikuwa na waraka muhimu ambao haukuufichua kwa upande wa utetezi, ilikataa kesi isikilizwe tena na ikamwachia huru Banks moja kwa moja. Kwa hiyo kisheria John Banks ni mtu asiye na hatia, na yeyote atakayemtaja leo kama mkosaji anamkosea.

Kuachiwa kwake hakupunguzi hata chembe funzo ambalo mwanasheria anapaswa kulichukua kutoka katika kesi hii. Tazameni nguvu iliyotumika: polisi, raia, Wakili Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani mara mbili, miaka mitatu mizima. Yote hayo ili kujua kama mtu mmoja, siku moja ya mwaka 2010, alikuwa na habari fulani akilini mwake alipokuwa akitia sahihi. Na swali ambalo kila mpiga kura wa Auckland alistahili kujibiwa kabla hajapiga kura, yaani nani alilipia kampeni ile, halikuwa gumu hata kidogo. Hundi ina jina la mwenye akaunti, na kila benki inalisoma.

Sheria inayomwadhibu anayejua peke yake humfundisha mgombea kutojua. Nimelisema hilo mbele ya wagombea wenyewe na sijasikia mtu akilipinga. Mgombea mwerevu anayeongozwa na sheria ya namna hiyo atajenga ukuta kati yake na mfuko wake: fedha zitapokelewa na binamu, zitaandikwa na kijana wa kujitolea, zitatumiwa na kamati, na yeye atabaki mkutanoni akipunga mkono. Akiletwa taarifa ataitia sahihi bila kuifungua. Mahakama zetu, kama zile za New Zealand, zina kanuni ya zamani kwamba mtu anayefumba macho kwa makusudi huhesabiwa kuwa ameona, lakini kanuni hiyo ni ngumu kuithibitisha, kwa sababu inakulazimu uthibitishe kwamba alishuku kwanza kisha akaamua kutotazama.

Bunge la New Zealand halikusubiri kesi iishe. Mwaka 2013 lilirekebisha sheria ile ya 2001 na kuweka ukomo wa dola 1,500 kwa mchango usio na jina. Mgombea akipokea zaidi ya hapo hawezi kuikumbatia ziada na kuandika kwamba hamjui mtoaji. Vilevile mtu anayepeleka mchango kwa niaba ya mwingine akawekewa wajibu wa kumtaja mwenye fedha. Mnaona mabadiliko ya fikra yaliyomo humo. Badala ya kuongeza miaka ya kifungo, waliifanya fedha isiyo na jina iwe kitu kisichoweza kuwekwa mfukoni.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Kule mgombea, hata yule anayegombea kiti cha diwani, akipokea mchango unaozidi pauni 50 analazimika kuhakikisha kwanza utambulisho wa mtoaji na kwamba mtoaji huyo ni miongoni mwa wanaoruhusiwa na sheria kuchangia. Kama sivyo, ana siku 30 za kuurudisha. Akiukalia, mchango wenyewe unaweza kutaifishwa kwa amri ya mahakama. Mimi naipenda adhabu ya kutaifisha kuliko nyingi ninazozisoma, kwa kuwa inakwenda moja kwa moja kwenye kitu kilichofichwa na haihitaji kumtafuta mtu wa kumvika pingu.

Lakini kuna ufichaji mwingine ambao kumuuliza jina mtoaji hakuusaidii, nao ni ule wa kuazima jina. Hapa mtoaji anajulikana vizuri kabisa, ana kitambulisho, ana sahihi, ila fedha si zake. Jimbo la Quebec nchini Kanada liliumwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji France Charbonneau, iliyoundwa mwaka 2011 na kutoa ripoti yake Novemba 2015, ilisikiliza ushahidi wa jinsi kampuni za uhandisi na ujenzi zilivyowatumia wafanyakazi na jamaa zao kuchangia vyama, vikiwemo vyama vya manispaa, kisha zikawarudishia fedha zao kwa njia ya bonasi au pesa taslimu. Kampuni zilezile ndizo zilizokuwa zikisubiri zabuni za barabara na mabomba ya maji. Quebec ilijibu kwa kushusha kiwango ambacho mtu mmoja anaweza kuchangia hadi kikawa kidogo mno kumshawishi meya, na kwa kuweka adhabu ambayo wafanyabiashara waliiogopa kuliko jela: kampuni inayopatikana na hatia ya kuchangia kwa majina ya kuazima huzuiwa kupata mikataba ya umma kwa miaka kadhaa.

Mjini New York jina la kuazima linauma kwa namna nyingine, kwa sababu jiji lenyewe huongezea dola nane kwa kila dola moja ya mchango mdogo wa mkazi, hadi dola 250 za kwanza. Mtu mmoja akijificha nyuma ya majirani kumi, si kwamba ameficha chanzo tu; amechota hazina ya jiji. Julai 2023 mwendesha mashtaka wa Manhattan aliwashtaki watu sita kwa kuchangia kwa njia hiyo kampeni ya umeya ya mwaka 2021. Mgombea mwenyewe hakushtakiwa katika shauri hilo.

Nimechukua mifano yote hii katika serikali za mitaa kwa makusudi. Watu wengi wakisikia fedha chafu za uchaguzi humfikiria rais na wabunge, ilhali deni la diwani ndilo linalolipika kwa urahisi zaidi. Diwani anakaa kwenye kamati inayopitisha ramani ya mipango miji, kibali cha ghorofa, ushuru wa soko, zabuni ya kukusanya taka, mkataba wa stendi ya mabasi. Kampeni yake ni ya gharama ndogo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuilipia yote, kuanzia fulana na spika hadi mafuta ya bodaboda, na bado ikawa rahisi kuliko kununua kiwanja kwa njia halali. Na waandishi wa habari hawafiki kwenye kata.

Nije nyumbani. Sisi Tanzania tuna historia yetu katika jambo hili, na haianzi jana. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyohalalisha takrima, ikaona kwamba vinakiuka Katiba kwa kumbagua mgombea asiye na uwezo. Ule ulikuwa uamuzi kuhusu fedha zinazotoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Fedha zinazoingia kwa mgombea zilisubiri Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyosainiwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi Machi mwaka huo na kukabidhiwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kuisimamia. Sheria hiyo inawagusa wagombea udiwani sawasawa na wabunge na urais, na inataka michango inayozidi shilingi milioni moja kutoka kwa mtu binafsi, au milioni mbili kutoka kwa taasisi, itajwe.

Naiheshimu sheria hiyo, na sikubaliani na wanaosema ni pambo. Lakini mtu akiisoma baada ya kuisoma kesi ya Auckland, atajiuliza maswali ambayo mimi najiuliza. Mchango wa shilingi milioni kumi ukigawanywa kuwa michango kumi na mmoja chini ya kiwango, kwa majina ya wapwa na mashemeji, nani ana wajibu wa kuhoji? Mchango wa vitu, kama gari lililokodishwa na tajiri kwa wiki sita au jukwaa lililojengwa na mkandarasi, unathaminishwa na nani? Sote tunayajua maneno tunayoyatumia katani: mdau, msamaria mwema, mpenda maendeleo, ndugu na marafiki. Ni maneno mazuri, yenye heshima ya ujirani ndani yake, na ndiyo sababu yanafaa sana kufunikia jina la mtu. Hakuna anayetaka kuonekana mchoyo wa shukrani kwa kumuuliza msamaria mwema alikopata fedha.

Kwa jirani zetu wa Kenya hali ni ya kusikitisha kwa namna tofauti, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 2013 ya kugharimia kampeni ni nzuri kwenye karatasi, inawahusu hata wawakilishi wa wadi, na inakataza waziwazi kupokea mchango usio na jina. Ilisitishwa mwaka 2017 hadi uchaguzi wa Agosti ulipopita. Tume ya uchaguzi ilipotangaza viwango vya matumizi mwaka 2021 kwa ajili ya uchaguzi uliofuata, Bunge la Taifa likavikataa. Waliovikataa ni watu waliokuwa wakijiandaa kugombea. Sitaongeza neno hapo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa kama basi napendekeza kifungo kiondolewe. Hapana. Anayeghushi taarifa huku akijua ni mwongo mbele ya umma na anastahili adhabu ya mwongo. Katika kesi ya Banks kilichouma zaidi hakikuwa saa 100 za kazi za jamii. Sheria ya New Zealand inasema kwamba mbunge akitiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka miwili au zaidi, kiti chake kinakuwa wazi, na Banks alijiuzulu kabla hukumu hiyo haijaandikwa rasmi. Kupoteza kiti ndiyo adhabu ambayo mwanasiasa huielewa bila mkalimani. Ninachopendekeza ni kwamba chini ya kosa hilo kubwa liwekwe kosa la pili, la kutouliza, lenye faini ya wastani, ambalo mzigo wa kujieleza uko kwa mgombea, na ambalo muda wake wa mashtaka unahesabiwa kuanzia siku uongo ulipogunduliwa wala si siku taarifa ilipowasilishwa. Miezi sita ya Auckland isijirudie kwetu.

Na kabla ya kubadilisha sheria yoyote bungeni, liko jambo linaloweza kufanyika kwenye fomu. Taarifa ya michango tunayoijaza ina nafasi ya jina na nafasi ya kiasi. Naomba iongezwe nafasi ya tatu, mbele ya kila mchango, ambamo mgombea, kwa mwandiko wake mwenyewe na si wa mtunza hazina, ataandika alimtambuaje mtoaji na tarehe aliyofanya hivyo. Mtu aliyekwisha kujaza mistari hiyo yote kwa mkono wake hataweza kusimama kizimbani na kusema kwamba hakuisoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nayasubiri maswali.